Wapigaji wa Sheli: Kadi ya Mafuta Ilivyogeuka Ulaji wa Wajanja

Wadau wangu, leo nawaomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Najua hapa mmezoea ubuyu, na huu nao ni ubuyu, ila ni wa hela, na umri wake unakaribia miaka 100. Kama kawaida ya ukurasa huu, majina ya wahusika nayaacha yapumzike.

Mwaka 2019 binamu yangu mmoja, mbeba boksi wa Houston kule Texas, alinipigia simu usiku wa manane. Yeye ni dada anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, anaingia kazini wenzake wakienda kulala. Nilipoona namba yake saa ile nikajua tu kuna msiba. "Kaka, nimelizwa," akasema. "Hela ya kodi yote imeondoka. Na kadi ninayo hapa mkononi, naiangalia."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi. Kuibiwa tunakujua sisi. Pochi inachomolewa Kariakoo, simu inakwapuliwa na jamaa wa pikipiki, unabaki unashangaa. Lakini kuibiwa wakati kitu chenyewe umekishika? Tukaanza kurudi nyuma siku moja moja. Wiki ile alikuwa ameenda kazini, kanisani na sheli. Basi. Sheli alichomeka kadi kwenye pampu, akabonyeza namba ya siri, akajaza mafuta, akaondoka zake. Siku chache baadaye mtu ambaye hajawahi kumwona alisimama mbele ya ATM kwenye mji ambao hajawahi kukanyaga, akachota kama vile ni mshahara wake.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma habari za huu wizi kama mtu anayefuatilia tamthilia, na kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba kadi yenyewe ilianzia pale pale kwenye mafuta.

Watu wengi wanadhani kadi ya mkopo ni mtoto wa benki. Benki zilikuja nyuma sana. Miaka ya 1920 huko Marekani, magari yalipoanza kuwa mengi, kampuni za mafuta zilikuwa na tatizo moja. Mteja anafahamika kwenye kituo cha mtaani kwake, anajaza kwa mkopo, analipa mwisho wa mwezi. Sasa akisafiri maili 200, nani anamjua? Ndipo kampuni zikaanza kuwapa wateja wao vikadi vya karatasi, baadaye vikaja vibati vya chuma vyenye jina na namba. Kikadi kilikuwa kinasema kitu kimoja tu: huyu ni mtu wetu, mpe, atalipa. Uaminifu wa mtaani ukabebwa mfukoni ukapelekwa barabara kuu.

Mwaka 1950 ikaja Diners Club kule New York, kadi ya kulia hotelini. Halafu Septemba 1958 Bank of America ikafanya kituko ambacho leo hakuna benki ingethubutu. Ilichukua mji wa Fresno, California, ikawatumia wakazi kadi 60,000 kwa posta, bila mtu kuomba. Unaamka asubuhi, kwenye sanduku la barua una mkopo. Wengine walilipa, wengine walikula wakatulia, na wajanja walikuwa wanazichomoa zile bahasha kabla mwenyewe hajarudi nyumbani. Benki ilipata hasara ya mamilioni ya dola, ingawa kadi ile ile ndiyo iliyokuja kuitwa Visa. Wizi wa kadi, kwa maneno mengine, ulianza wiki ile ile kadi zilipofika. Mwaka 1970 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba, na kwenye sheria hiyo hiyo ikaweka kifungu ambacho kimeokoa watu wengi sana hadi leo: kadi yako ya mkopo ikitumiwa na mwizi, hasara inayoweza kukuangukia wewe haizidi dola 50. Shikeni hapo, tutarudi.

Zama hizo kulipa kwa kadi kulikuwa na kelele. Mhudumu anaweka kadi kwenye kile kimashine, anaweka karatasi zenye kaboni juu, anavuta kishikio, krak-krak, namba zinajichapa. Nakala moja yako, nyingine ya duka, kaboni inaenda kwenye pipa la taka. Na wezi wa wakati ule walikuwa watu wa mapipa. Walifukua taka, wakatoa kaboni, wakaishika kwenye mwanga, wakasoma namba. Hawakuhitaji elimu wala kompyuta, pua ngumu tu ilitosha.

Sasa njoo kwenye ule mstari mweusi wa nyuma ya kadi. Stori yake inasimuliwa na IBM wenyewe na mimi naipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 injinia wao mmoja alikuwa anahangaika kutengeneza kitambulisho cha maofisa wa CIA. Alitaka kubandika kipande cha utepe wa sumaku, kama ule wa kaseti, juu ya kadi ya plastiki. Kila gundi aliyojaribu iliukunja utepe au kuuharibu. Akarudi nyumbani amenuna. Mkewe alikuwa anapiga pasi nguo. Akamsikiliza, akamwambia hebu lete hapa, akaupiga pasi ule utepe kwenye plastiki. Ukashika. Mamia ya mamilioni ya kadi duniani zimetokana na mama mmoja aliyekuwa na pasi ya moto na mume mwenye stresi.

Tatizo ni kwamba utepe ule ni mjinga, na nasema hivyo kwa heshima zote za mama yetu. Hauna akili yoyote, una maandishi tu. Sehemu yake inayotumika zaidi kwenye malipo inabeba tarakimu na alama zisizozidi 40: namba ya kadi, tarehe ya kuisha, na vitu vidogo vidogo. Ni yale yale leo, kesho na mwakani. Mashine ikiusoma haiwezi kujua kama huu ni utepe wa kweli au ni nakala, kama ambavyo redio kaseti haijui kama unacheza kanda halisi au ile uliyorekodiwa na jamaa wa kibandani. Anayeweza kusoma anaweza kunakili. Viwango vyake vilipitishwa Marekani mwaka 1969 na kimataifa mwaka 1971, wakati mashine ya kusomea ilikuwa ghali na ya watu wakubwa. Nani angefikiria kwamba siku moja kisomeo kingetosha kwenye kiganja?

Kwa upande wa pampu nako mambo yalikuwa yanabadilika. Zamani Marekani nako kulikuwa kama kwetu: unafika, mhudumu anakuja, anajaza, anakufutia kioo. Mwaka 1964, kwenye duka moja huko Westminster, Colorado, wakaanza kutumia kifaa kinachomwezesha mwenye duka kuiwasha pampu akiwa ndani kwenye kaunta, mteja anajihudumia mwenyewe nje. Halafu ikaja 1973, Waarabu wakafunga bomba, bei ikapaa, foleni zikajaa, na kila mwenye kituo akawa anatafuta pa kubana matumizi. Wahudumu wakapunguzwa. Kufika katikati ya miaka ya 1980 visomeo vya kadi vikaanza kuwekwa kwenye pampu zenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikuwa karibu kila kona. Mteja hakuhitaji kuongea na binadamu hata mmoja. Jimbo la New Jersey liligoma: kuanzia 1949 mpaka leo huko ni marufuku kujijazia petroli mwenyewe.

Ukitaka kumwelezea mwizi ndoto yake, mwambie hivi: kuna mashine ya pesa, imesimama nje, inafanya kazi usiku kucha, mwenye nayo yuko mita 30 ndani anauza soda, na watu mia kadhaa kwa siku wanakuja wenyewe kuingiza kadi zao. Halafu mmalizie kwa kumwambia kwamba mlango wa mashine hiyo unafunguliwa na ufunguo wa aina moja. Huu siyo mzaha. Kwa miaka mingi watengenezaji wa pampu walitumia ufunguo ule ule kwa pampu nyingi za aina moja nchi nzima. Ukiupata mmoja, umepata maelfu.

Kifaa chenyewe wenzetu wanakiita skima. Za mwanzo zilikuwa kofia za plastiki zinazovalishwa juu ya kisomeo halisi, na kamera ndogo imefichwa pembeni kukuangalia ukibonyeza namba ya siri. Ukiwa mtu wa kugusagusa vitu ulikuwa unaweza kuisikia inacheza. Ndiyo maana mpaka leo utasikia ushauri wa kutikisa kisomeo kabla ya kuingiza kadi. Ushauri si mbaya, ila kwenye pampu umepitwa na wakati, kwa sababu wapigaji waliingia ndani. Jamaa anafika kama fundi, gari lake limesimama kuziba macho ya kaunta, anafungua mlango, anachomoa ule waya bapa unaotoka kwenye kisomeo, anachomeka kidude chake katikati, anafunga. Ni kazi ya muda mfupi sana, unaweza usimalize hata soda yako. Kidude kinakula umeme wa pampu hiyo hiyo kwa hiyo hakihitaji betri. Kwa nje hakuna kilichobadilika hata chembe. Unatikisa mpaka mkono uchoke, hakuna kitu.

Shida ya mwizi ikabaki moja: kurudi kuchukua mzigo. Kila akirudi kufungua pampu anaweza kukuta polisi. Bluetooth ikamtatulia. Anaegesha gari pale kama mteja, anafungua laptopu, anavuta namba zote kimya kimya, anaondoka. Mwaka 2017 mafundi wa kampuni moja ya vifaa vya elektroniki huko Colorado walipewa skima zilizokamatwa, wakazifungua. Walichokuta ndani kinachekesha na kuudhi. Kilikuwa ni kile kimoduli cha Bluetooth cha bei chee ambacho wanafunzi wa vyuo wanakitumia kwenye miradi yao, kinaitwa HC-05, na nenosiri lake lilikuwa lile lile kilichotoka nalo kiwandani: 1234. Mwizi wa mamilioni, nenosiri 1234. Anatuibia kwa sababu hatujilindi, na yeye mwenyewe hajilindi.

Sasa sikieni kesi moja iliyofika kwa mwendesha mashtaka wa Manhattan, Januari 2014. Watu 13 walishtakiwa. Mashtaka yalisema kuanzia Machi 2012 hadi Machi 2013 kundi hili lilificha skima za Bluetooth ndani ya pampu kwenye vituo vya Texas, Georgia na South Carolina. Walipata namba za kadi na namba za siri, wakachapa kadi bandia, wakaenda kuzitumia kwenye ATM za New York. Unaona umbali huo? Unajaza mafuta Georgia, unalizwa Manhattan. Keshi ile ilikuwa inaingizwa kwenye akaunti za benki kwa vifurushi vya chini ya dola 10,000, maana ukizidi kiwango hicho benki ya Marekani inalazimika kutoa taarifa serikalini. Halafu wenzao waliokuwa California na Nevada wanazitoa kule upande wa pili wa nchi. Waendesha mashtaka walipiga hesabu ya zaidi ya dola milioni 2.

Mimi nilipoisoma kesi hii nilikaa nikamfikiria binamu. Nilikuwa nafikiri aliibiwa na kijana mmoja mwenye njaa. Kumbe kuna wa kuweka kidude, kuna wa kuvuta namba, kuna wa kuchapa kadi, kuna wa kusimama kwenye ATM na kofia, na kuna wa kusafisha hela. Ni ofisi. Labda hata zamu wanapangiana.

Na kuna tawi lingine ambalo wengi hawalijui: wezi wanaotumia kadi za sheli kuiba sheli. Wanachapa rundo la kadi bandia, wanachukua pikapu au gari la mizigo lililofichwa tangi kubwa ndani ya bodi, wanazunguka vituo wakijaza dizeli mamia ya galoni, kadi baada ya kadi. Halafu wanawauzia madereva wa malori na wenye vituo wasiouliza maswali, kwa bei ya kutupa. Matangi yale yamechomelewa kienyeji, hayana usalama wowote, yanapita barabarani katikati ya mabasi ya shule. Ikishika moto hapo hakuna cha kadi wala nini.

Wanaowafukuza hawa ni Secret Service. Najua unawajua kwa miwani nyeusi na kukimbia pembeni ya gari la rais. Lakini kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1865 kwa ajili ya noti bandia, kazi ya kulinda marais ikaja baada ya Rais McKinley kuuawa mwaka 1901, na mwaka 1984 bunge likawapa na udanganyifu wa kadi. Huko Florida ukaguzi wa pampu uko chini ya idara ya kilimo. Ndiyo, wale wale wa machungwa. Wakaguzi wao ndio wanaofungua pampu moja moja kutafuta vidude, na tangu 2016 sheria ya jimbo inawalazimisha wenye vituo kuweka ulinzi kwenye pampu, kama vile zile stika zinazochanika na kuonyesha maandishi mtu akifungua mlango.

Watafiti nao hawakulala. Vyuo vikuu vya California San Diego na Illinois walitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wakaguzi, inayonusa ishara za Bluetooth na kutofautisha skima na redio ya gari la mtu. Matokeo yao ya 2019 yanasema walipita kwenye vituo 1,185 katika majimbo sita, zikapatikana skima 64, zote zikaishia mikononi mwa vyombo vya sheria. Nyingine zilikuwa zimekaa miezi sita ndani ya pampu huku wakaguzi wa kawaida wakipita na kuondoka.

Sasa swali ambalo najua mdau mmoja tayari anaandika: si kuna chipu? Chipu ipo, na ni ya zamani kuliko unavyodhani. Wafaransa ndio walioanza mapema, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kadi zao za benki zilikuwa na chipu zote. Chipu, tofauti na utepe wa mama wa pasi, inafikiri. Kila malipo inatengeneza msimbo mpya unaotumika mara moja tu. Mwizi akiunasa amenasa tiketi iliyokwisha kuchanwa.

Uingereza walihamia huko rasmi tarehe 14 Februari 2006, siku ya wapendanao, kadi ya chipu na namba ya siri kwa wote. Sherehe haikudumu. Mei mwaka ule ule, nadhani mnabahatisha ni wapi mambo yaliharibika: sheli. Tena Shell yenyewe, hii iliyotupa sisi neno letu, maana hata kituo kikiwa cha kampuni nyingine kabisa Mswahili bado anasema anapita sheli. Zaidi ya pauni milioni 1 zilichotwa kwenye akaunti za wateja baada ya mashine za kulipia kuchezewa, polisi wakakamata watu wanane, na kampuni ikasimamisha huduma ya chipu na namba ya siri kwenye vituo 600, watu wakarudi kusaini karatasi. Ilikuwaje wakati chipu hainakiliki? Kadi zile bado zilikuwa na utepe mweusi nyuma. Wezi waliunasa utepe pamoja na namba ya siri, wakachapa nakala, wakaitumia mahali ambapo mashine haiulizi chipu. Ni sawa na kununua mlango wa chuma halafu ule wa uani umeuacha wa kanga.

Marekani ndiyo iliyobaki nyuma kuliko wote, na hapa nina maoni yangu. Teknolojia ilikuwepo. Hesabu zilikuwa zinasema afadhali kulipia wizi kuliko kubadilisha mashine. Baada ya wizi wa Target mwishoni mwa 2013, ambako kadi milioni 40 ziliondoka kupitia kompyuta za duka, watu wakashtuka. Kampuni za kadi zikatangaza kwamba kuanzia Oktoba 2015 hasara ya kadi bandia itamwangukia yule ambaye hajaweka chipu, awe benki au duka. Maduka yakakimbia kununua mashine. Pampu zikaongezewa muda mpaka Oktoba 2017. Ikakaribia, zikaongezewa mpaka Oktoba 2020. Ikaja korona, zikaongezewa mpaka Aprili 2021.

Wenye vituo nao wana kilio chao, tusiwe wakatili. Wengi kule wana kituo kimoja tu, na si wachache ni wahamiaji kama sisi. Pampu mpya ni maelfu ya dola, na ukiwa na pampu nane, wakati mwingine unalazimika hata kuchimbua zege kubadilisha nyaya. Faida ya mafuta yenyewe ni senti, hela iko kwenye soda na sigara za ndani. Ila ukipima na upande wa pili, ile miaka mitano na nusu ya kuongezewa muda ndiyo iliyowalea wapigaji. Maduka yote yalipofunga milango, wote walihamia kwenye mlango mmoja uliobaki wazi. Binamu yangu alichomeka kadi mwaka 2019. Katikati kabisa ya ile miaka.

Sasa turudi kwenye zile dola 50. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho namwambia kila anayesafiri. Kinga ile ya 1970 ni ya kadi ya mkopo. Ukiibiwa kwenye kadi ya mkopo, hela iliyoondoka ni ya benki, wewe unabishana huku umekula na umelala. Kadi ya akaunti yako ya kawaida ina sheria nyingine, ya 1978. Ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kugundua, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa zaidi ya hapo, inaweza kufika dola 500. Ukipitisha siku 60 tangu benki ikutumie taarifa ya akaunti, yanayoibwa baada ya hapo unaweza kuyabeba mwenyewe. Na wakati benki inachunguza, hela iliyoondoka ni yako, ile ile ya kodi.

Binamu alipiga simu benki asubuhi ile ile. Wakampa fomu, wakamwambia asubiri siku kumi za kazi. Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za siku kumi, akampiga faini ya kuchelewa. Hela ya dawa za mama yake huku Tanga haikutumwa mwezi ule, ndugu tukachangishana. Benki mwishowe ilirudisha kila senti. Faini hakuna aliyeirudisha.

Siku hizi anajaza mafuta hivi, na nimemwomba ruhusa niandike. Anachagua pampu iliyo karibu na dirisha la mwenye duka, kwa sababu fundi feki hapendi macho. Anaangalia stika ya kwenye mlango wa pampu kama imechanika. Namba ya siri haibonyezi tena kwenye pampu, kamwe. Kama pampu inakubali, anagusisha simu, maana simu haitoi namba halisi ya kadi, inatoa namba mbadala na msimbo wa mara moja. Isipokubali, anaingia ndani analipa kaunta. Kadi anayotumia ni ya mkopo yenye kiwango kidogo, ile ya mshahara inakaa nyumbani kwenye droo. Na simu yake inalia kila kadi ikiguswa hata kwa dola moja, kwa sababu wezi wengi wanajaribu kwanza na kiasi kidogo kuona kama kadi iko hai.

Hapa Bongo mhudumu bado yupo, anashika bomba mwenyewe, na wengi wetu tunalipa keshi au Lipa Namba. Ukitoa kadi, mashine inaletwa dirishani kwako. Iletwe kweli, usikubali kadi iende kibandani ikutafute baadaye.

Utepe wa mama wa pasi unastaafu taratibu. Mastercard walitangaza mwaka 2021 kwamba kadi mpya zitaacha kuwekewa utepe ifikapo 2029, na ifikapo 2033 hakutakuwa na kadi yao ya mkopo wala ya akaunti yenye mstari mweusi. Wapigaji hawasubiri tarehe. Pampu zilipoanza kufungwa, wengi wao walihamia kwenye kadi ambazo serikali ya Marekani inawapa watu wa kipato cha chini kununulia chakula. Kadi zile zilikuwa hazina chipu, utepe mtupu. Skima zikavalishwa kwenye mashine za maduka ya vyakula, mama anafika kaunta na unga na maziwa anaambiwa salio sifuri. Na zile dola 50 hazimhusu, kadi za chakula hazimo kwenye kinga hiyo. Mwishoni mwa 2022 bunge liliruhusu walioibiwa warudishiwe, ruhusa ikaisha Desemba 2024. California imeanza kutoa za chipu mwaka 2025. Majimbo mengi bado yanatoa za utepe.